Tairi Moja Ilitazama Kerimasi, Nyingine Kitumbeine

Ukitoka Engaruka kwenda Ngare Sero, njia inapita katikati ya milima. Kerimasi na Ol Doinyo Lengai viko mkono wa kushoto, Kitumbeine mkono wa kulia, na mbele yako kuna vumbi la jivu la volkano, laini kama unga wa sembe. Njia ile nimeipita miaka mingi, na kila masika ikiisha huwa ni njia mpya. Makorongo yanahama. Pale ulipovukia mwezi wa pili, mwezi wa sita unakuta ukingo umekatika wima kama umechanjwa kwa panga, na kwenye mchanga yamelala mawe meusi ambayo hayakuwepo.

Ilikuwa mwezi wa sita. Nilibeba wageni wawili waliokuja kupanda Lengai, pamoja na mpishi ambaye tumezoea kusafiri naye. Mlima ule hupandwa usiku. Watu huanza kwenye saa sita hivi ili wawe juu kunapopambazuka, kwa hiyo nilitaka tufike kambini mapema wapate kulala kidogo. Gari lilikuwa Land Rover Defender 110 langu, la mwaka 1996.

Tukaingia korongo moja pana. Nilishuka kwenda kulikagua kwa miguu, kama ninavyofanya siku zote, nikachagua njia, nikatia gia nzito. Tairi za mbele zilipofika ukingo wa pili zikaanza kuchimba. Nikaona nirudi nyuma mita mbili tatu nipate kasi. Niliporudi nikasikia mlio mzito chini, ngo!, kama mtu aliyegonga sufuria iliyojaa maharage. Sikuujali. Nikatia gia ya kwanza, nikapanda, tukavuka.

Juu ya ukingo ndipo nilipojua kuna jambo. Usukani ulikuwa mwepesi kupita kawaida na gari lilitaka kwenda kila upande. Tairi za mbele zilikuwa zinafagia mchanga, shaa, shaa, wakati mimi nakwenda moja kwa moja. Nikasimama. Mpishi alishuka kwanza, akazunguka mbele, akaniita: "Kaka, njoo uone. Tairi zako zimegombana."

Na kweli zilikuwa zimegombana. Ya kushoto ilitazama Kerimasi, ya kulia ilitazama Kitumbeine.

Kwa asiyejua, niseme kidogo kilichoko chini ya gari hili. Mbele kuna rodi mbili. Moja ni ndefu, imelala nyuma ya ekseli ya mbele, inaunganisha tairi ya kushoto na ya kulia ili zigeuke pamoja. Hiyo ndiyo tairodi. Ya pili iko mbele ya ekseli, inatoka kwenye mkono wa steringi boksi na kwenda kwenye tairi ya upande wa pili. Mafundi wengi huiita draglinki. Watu huzichanganya, wananunua moja wakati iliyopinda ni nyingine, lakini kuzitofautisha hakuhitaji hata kulala chini ya gari. Draglinki ikipinda, tairi zinabaki sambamba, ila usukani unakaa upande wakati gari linakwenda moja kwa moja, na kona ya upande mmoja gari linaikata vizuri huku ya upande wa pili likigoma mapema. Tairodi ikipinda, tairi zenyewe ndizo zinazoachana.

Sababu yake ni rahisi. Rodi iliyopinda ni fupi kuliko iliyonyooka, ukipima kutoka ncha hadi ncha. Kwa kuwa ya 110 iko nyuma ya ekseli, ikifupika inazivuta tairi kwa nyuma zikaribiane, na kwa mbele zinafunguka. Kwenye gari ambalo tairodi yake iko mbele ya ekseli mambo hugeuka: zinafunga, zinatazamana. Kwa hiyo ukiona tairi zimefungua au zimefunga ghafla baada ya kugonga, umeshajua pa kutazama kabla hujachafua shati.

Jambo lililoniuma zaidi ni kwamba rodi ile niliipinda mwenyewe, nikirudi nyuma. Gari likienda mbele, ekseli inatangulia na kupokea jiwe, na tairodi imejificha nyuma yake. Ukirudi nyuma, tairodi ndiyo inayotangulia. Lile jiwe lilikuwa limeshapita chini ya ekseli salama, mimi nikairudisha rodi juu yake kwa uzito wa gari zima lenye mizigo na watu. Tangu siku hiyo sirudi nyuma ndani ya korongo kabla mtu hajashuka kutazama chini, hata kama ni mita moja, hata kama wageni wanaona nachelewesha.

Tulikuwa mbali na fundi yeyote na jua lilikuwa bado kali. Nikawaeleza wageni ukweli: itachukua saa mbili hivi, tutafika, ila polepole. Mpishi akatandika turubai kivulini akaanza kuchemsha chai. Mimi nikaanza na mawe ya kuzuia tairi za nyuma, mbele na nyuma. Hili nalisema kwa msisitizo kwa yeyote mwenye Defender. Handibreki yake haishiki tairi, inashika shafti inayotoka kwenye gia boksi ndogo, kwa hiyo ukiinua tairi moja kwa jeki, difu, ile gia inayogawa nguvu kati ya tairi, inaweza kuiruhusu izunguke na gari likaondoka na handibreki ikiwa imevutwa. Funga kufuli ya difu ya kati, weka mawe, ndipo uingie chini.

Kuitoa tairodi kwenye mkono wa tairi, kile chuma kinachoigeuza tairi, kunahitaji akili kuliko nguvu. Ncha ya boljointi, kile kiungo kinachocheza mwishoni mwa rodi, ni ya mchongoko, imekaa ndani ya tundu la mchongoko, na miaka ya matope imeiganda humo. Wengi hutoa splitipini, wanafungua nati, halafu wanaipiga ncha kwa nyundo kutoka chini. Thredi inaharibika, nati hairudi, na sasa una matatizo mawili. Mimi nilijifunza kuiacha nati kwenye nyuzi chache ili rodi isidondoke, halafu napiga pembeni ya lile jicho la mkono wenyewe, si ncha. Nyundo moja nzito unaishikilia upande huu iwe ngao, nyingine unaipiga upande wa pili. Mapigo matatu manne ya uhakika, unasikia "tak!", inaachia yenyewe.

Nikaiweka rodi chini, nikafumba jicho moja nikaitazama kwa urefu. Karibu na katikati ilikuwa imebonyea vidole vinne.

Njia niliyotumia kuinyoosha niliiona kwa madereva wakubwa zangu. Unaiweka rodi chini ya chesisi, tumbo la pindo likitazama juu, ncha mbili zimelalia magogo. Juu ya pindo unaweka jeki ya mafuta, kichwa cha jeki kinasukuma chesisi. Ukipampu, gari lenyewe linakuwa nyundo yako, ila nyundo ya polepole. Pale ardhi ilikuwa jivu tupu, magogo yakaanza kuzama, ikabidi tuweke chini yake ubao wa jeki na tairi ya akiba. Kati ya jeki na rodi niliweka kipande cha mbao, kwa sababu rodi ile ni bomba, ina uwazi ndani, na ukiisukuma kwa chuma kitupu sehemu moja inabonyea na kuwa bapa kama mrija uliokanyagwa. Bomba lililobonyea halina nguvu tena hata likinyooka vipi. Kwa hiyo unaanza pembeni mwa pindo, unasogea ndani kidogo kidogo, na kila mara unaipitiliza kidogo tu, maana chuma kina kumbukumbu, ukikiachia kinarudi.

Moto sikuutumia. Kuna wanaowasha kuni wakaifanya nyekundu ndipo waipige. Inanyooka upesi kweli, lakini chuma kilichofanywa chekundu na kupoa ovyo hujui tena ni chuma gani. Vilevile kuna wanaounganisha betri mbili za gari mfululizo wakachomelea porini kwa fimbo za kawaida. Nimeona ikiokoa chesisi na kibebeo cha tairi ya akiba. Kwenye rodi ya usukani sitaki kuiona, kwa sababu joto hubadilisha chuma pembeni mwa chomeleo na hapo ndipo ufa unapopenda kuanzia. Mimi niliifunga kipande cha engo, chuma chenye umbo la L, kando yake, kwa klempu za hosipaipu na waya, kama mguu uliovunjika unavyofungwa mianzi.

Halafu kupima. Thredi za ncha mbili za tairodi ni kinyume, moja ya kulia na nyingine ya kushoto, kwa hiyo ukilegeza klempu na kuizungusha rodi inarefuka au kufupika bila kutoa kitu. Nilipiga alama ya chaki katikati ya kila tairi, nikapima kwa kamba umbali wa mbele, mpishi akasukuma gari nusu mzunguko alama zikaja nyuma, nikapima tena. Defender hutakiwa kufungua kidogo sana kwa mbele, kati ya milimita 0 na 2. Kwa kamba huwezi kuona milimita. Nilitafuta usawa tu, nikaupata. Leo kazi hiyo ni nyepesi, maana urefu wa rodi zote mbili zikiwa nzima, kutoka katikati ya boljointi moja hadi nyingine, nimeuandika kwa rangi ndani ya boneti. Ningekuwa na namba hizo siku ile ningeokoa nusu saa.

Tulifika Ngare Sero giza likiingia, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, nikisimama mara kwa mara kuipapasa. Wageni walipanda mlima wao. Safari ile iliisha vizuri.

Kosa langu lilianzia mjini.

Niliporudi nilipitisha gari kwenye gereji moja. Fundi akaondoa engo, akaitazama rodi, akaizungusha kwenye sakafu ya saruji, akasema: "Bosi, hii imenyooka kuliko mpya. Itakaa." Akaipaka rangi nyeusi, akapima alaimenti, akanitoza. Msimu ulikuwa umeanza, rodi mpya ilitaka hela na kusubiri, na mimi nilitaka kusikia hivyo. Gari halikuvuta upande. Tairi hazikulika. Nikasahau.

Wiki tatu nilizunguka nayo, si porini tu. Nilikwenda nayo Moshi nikiwa nimewapakia watoto wa dada yangu, lami tupu, kilomita 80 kwa saa, wakiimba kiti cha nyuma.

Aliyenizindua ni mzee mmoja mwenye gereji ndogo chini ya mwembe, Arusha, fundi wa Land Rover tangu nikiwa shule ya msingi. Nilikwenda kwake kwa ajili ya shokapu ya usukani iliyokuwa inavuja, si kwa rodi. Alijilaza kwenye gunia, akaingia chini, kimya. Kisha sauti yake ikatoka huko.

"Hii rodi uliinyoosha lini, mwanangu?"

Nikashangaa. Nikamuuliza amejuaje. Akasema rangi yake ni changa kuliko ya kila kitu kilicho jirani yake.

"Wiki tatu, Mzee. Lakini imenyooka kabisa."

"Sikukuuliza kama imenyooka."

Akaitoa, akaikwangua rangi pale katikati kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa. Akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akaifunga nacho rodi, akaniambia tukanywe chai. Tulipomaliza alikifungua kitambaa, akaikausha rodi vizuri kwa kitambaa kingine, akasaga chaki nyeupe ya shule kwenye kiganja na kuipaka juu yake hadi ikawa kama imenyunyiziwa unga. Tukakaa tunaitazama. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha chini ya chaki ukaanza kutokea mstari, mwembamba kama unywele, wa kijivu, ukizidi kuwa mweusi, unakwenda kwa kuzunguka. Mafuta ya taa yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yalikuwa yanatoka na kulowanisha chaki. Mstari ulizunguka karibu theluthi ya rodi.

Sikuweza kusema kitu. Niliwafikiria wale watoto.

Mzee alinieleza kwa utulivu, na maelezo yake ndiyo ninayowapa vijana wanaoniuliza leo. Chuma kikipinda, upande wa nje wa pindo umevutwa, wa ndani umeminywa. Ukikinyoosha unafanya kinyume, uliominywa sasa unauvuta. Chuma hakisahau hata kimoja. Pale palipokunjwa kinakuwa kigumu zaidi na kikavu zaidi, hakinepi tena kama mwanzo, na kila shimo barabarani linakivuta kidogo hadi kinaanza kufunguka. Na tairodi ikikatika hakuna onyo. Tairi ya kushoto haijui tena ya kulia inakwenda wapi. Porini kwa kilomita 20 utasimama na kulaani. Kwenye lami, na lori linakuja mbele, hutapata nafasi ya kulaani.

Ndiyo maana siwezi kunyamaza nikisikia fundi anasema "itakaa". Kunyoosha rodi porini ni haki, nimefanya na nitafanya tena, kwa sababu bila hivyo watu wanalala njiani bila maji. Ila rodi hiyo imekopeshwa maisha ya safari moja, ya kukufikisha kwa duka la vipuri. Anayeipaka rangi na kuirudishia kama kazi iliyokamilika anaficha mahali pekee ambapo ufa ungeonekana. Ukinunua rodi iliyotumika, ikwangue rangi mbele ya muuzaji. Akikataa, ondoka.

Wapo wanaonishauri niweke rodi nzito, chuma kitupu kisicho na uwazi, nisahau habari za kupinda. Nimeifikiria sana. Wanaoshinda kwenye mawe kila siku wana sababu yao na siwakatazi. Lakini nguvu ya jiwe lazima iishie mahali. Rodi isipopinda, pigo linakwenda kwenye boljointi, kwenye mikono ya tairi, au hadi kwenye steringi boksi na mahali ilipofungwa kwenye chesisi. Vitu hivyo ni ghali, na vingine huvunjika bila kupinda kwanza. Mimi nimebaki na rodi ya kawaida. Nimeongeza ngao ya chuma mbele kwa ajili ya draglinki, na juu ya kibebeo cha mizigo nimefunga tairodi mpya kamili na ncha zake, imepakwa grisi na kuvingirishwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Mzee huyo alikuwa akinisimulia Land Rover Discovery za Camel Trophy, yale mashindano ya magari ya porini, zilizotoka Dar es Salaam kwenda Bujumbura mwaka 1991, jinsi zilivyokuwa na ngao mbele, ilhali zilikuwa magari mapya kabisa.

Na ukishagonga, usiitazame rodi peke yake. Siku ile Mzee alishika kila boljointi akaniambia niuchezeshe usukani kushoto kulia, kidole chake kikiwa kwenye maungio kusikiliza plei, yaani ulegevu. Akakagua mipira ya kuzuia vumbi, maana ikichanika mchanga wa Ziwa Natron unaingia na boljointi inaisha kwa mwezi. Akapiga tochi kwenye bolti za steringi boksi. Mkono mmoja wa tairi aliutazama muda mrefu, akauwekea chaki nao. Ulikuwa mzima.

Tulifunga rodi mpya jioni. Nikamwomba ile ya zamani nikaiweke nyumbani, huenda ikasaidia siku ya shida. Mzee hakujibu. Aliibana kwenye vaisi, akachukua msumeno wa chuma akaanza kuikata, pale pale penye ufa. Ilipoachana alinionyesha mdomo wake. Sehemu ya duara ilikuwa ya kahawia, imeshashika kutu, kutu ya wiki tatu. Iliyobaki iling'aa, ndiyo iliyokuwa imeshikilia watoto wa dada yangu mpaka Moshi na kuwarudisha.

Kijana anayenunua vyuma chakavu alikuwa amesimama getini na mizani yake. Akauliza mbona tunaiharibu, rodi nzima ile angetupa bei ya kipuri, si ya kilo.

Mzee akampa vipande vyote viwili bure.